Hu- na -li-: Juu ya Kutumia "Desturi za Wasuaheli" kama Data ya Sosiolojia

Mtu aandikapo leo juu ya ndoa, jando, ngoma, pepo au utumwa katika pwani ya Mrima, aghalabu haendi mbali kabla hajafika kwenye Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Si ajabu. Kitabu ni kipana, Kiswahili chake ni kizuri, na mambo yaliyomo hayapatikani kwa wingi huo katika maandishi mengine ya wakati ule. Wanafunzi wa lugha wamekisoma kwa ajili ya maneno, wanahistoria kwa ajili ya khabari za kale, na watu wa sosiolojia wanakichota kama maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, bila kuuliza kisima kilichimbwa na nani wala kwa kazi gani. Sina neno na kitabu chenyewe, ambacho nakiheshimu sana. Neno langu ni juu ya namna kinavyofanywa kuwa data.

Kosa ninalolisema ni dogo kwa macho, nalo hutendeka katika kiambishi kimoja tu. Kitabu kinasema kwamba mtu akipatwa na jambo fulani hufanya kadha wa kadha. Mtafiti anapoichukua kauli ile na kuitia katika tasnifu yake, anaandika kwamba Waswahili wa karne ya 19 walifanya kadha wa kadha. Hu- imegeuka kuwa -li-. Hakuna neno lililoongezwa wala lililopunguzwa, lakini kauli ya kanuni imekwisha kuwa taarifa ya matendo, na watu wachache waliokuwa wakieleza ipasavyo wamefanywa mashahidi wa yaliyotokea kwa maelfu ya watu kutoka Lamu mpaka Kilwa.

Tutazame kwanza asili ya kitabu. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani huko Dar es Salaam katika miaka ya 1890, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Aliwataka wenyeji waliojua kuandika wamwandikie khabari za nchi yao. Matunda yake ni Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901, Desturi ya mwaka 1903, na mkusanyo wa nathari na mashairi wa mwaka 1907. Mwandishi mkubwa wa Desturi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu aliyeisoma elimu ya dini, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika chuo kile kile. Wala hakuwa peke yake. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, yakiri katika jina lake kwamba desturi hizi ni za Mtoro na za Waswahili wengine; wengine hao hawana majina katika jalada. Chapa ya 1903 ilimpa Velten heshima ya mkusanyaji, na kwa miaka mingi kitabu kilijulikana kwa jina lake.

Basi mbele yetu pana maandishi yaliyoandikwa kwa kuombwa, na aliyeomba alikuwa mgeni mwenye cheo. Miongoni mwa waliosoma Kiswahili katika chuo kile walikuwamo maofisa waliojitayarisha kwenda kuitawala nchi ya hao wanaoelezwa. Muungwana akiulizwa na mgeni wa namna hiyo, "Desturi yenu ya ndoa ni ipi?", hataanza na jirani yake aliyeoa kwa mahari ya deni, wala na binamu yake aliyemtorosha mtu binti. Ataeleza inavyopasa. Atafagia kwanza, kama tufanyavyo sote mgeni apigapo hodi, kisha atamkaribisha barazani. Baraza ni sehemu ya nyumba kweli, wala hapana udanganyifu katika kumketisha mgeni pale. Lakini aliyeishia barazani hawezi kutoka akaandika hali ya uani.

Jambo hili si geni katika elimu ya jamii. Bronislaw Malinowski, katika kitabu chake juu ya visiwa vya Trobriand kilichotoka mwaka 1922, alitenga namna tatu za data ambazo mchunguzi apaswa kuzikusanya kwa njia mbalimbali. Iko ile ya mpango wa jamii, ipatikanayo kwa kuandika mambo halisi mengi na kuyapanga katika orodha na majedwali. Yako mambo madogo ya maisha ya kila siku, sauti ya mtu anapogombana, uso wake anapokula, ambayo hayaulizwi bali hutazamwa. Tena yako maneno ya wenyeji wenyewe: hadithi, semi, maelezo, kauli za mazoea. Maneno haya ya tatu, asema, yanatuonyesha fikira za watu. Hakusema kwamba yanatuonyesha matendo yao, na miaka minne baadaye aliandika kitabu kingine kizima juu ya uhalifu na desturi kuonyesha jinsi kanuni isimuliwavyo kwa ukali na jinsi ivunjwavyo kwa siri, watu wakijua na kunyamaza. Kwa kipimo hicho Desturi za Wasuaheli ni data ya namna ya tatu, tena bora sana. Wanaoitumia kana kwamba ni ya kwanza au ya pili wanaidai kitu isichokuwa nacho.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo njia ya kuliona jambo hili ambayo Malinowski hakuwa nayo, maana lugha yetu imelitenga katika kitenzi. Na tuitazame hu-. Wanafunzi hufundishwa kwamba ni alama ya mazoea, na maelezo yakaishia hapo. Lakini yafaa kuona pia kile inachokiondoa. Kitenzi cha Kiswahili, kwa kawaida, hubeba mtenda na wakati: a-li-kwenda, tu-ta-kwenda. Hu- haikubali kiambishi cha mtenda mbele yake, wala haikubali alama ya wakati. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, jana na leo na siku zote. Kitenzi kinavuliwa nani na lini, navyo ndivyo vitu viwili ambavyo mtu wa sosiolojia hawezi kufanya kazi bila yavyo. Katika Desturi sehemu kubwa ya maelezo huenda kwa mwendo huu wa mazoea, kwa hu- au kwa vitenzi vya namna hiyo vikitanguliwa na -ki- ya sharti: jambo likitokea, hufanywa hivi. Linganisha na Safari za Wasuaheli, mradi wa Velten yule yule, na Mtoro yule yule akiwa mmoja wa waandishi wake. Kule ni -li- na -ka-: mtu fulani alitoka mahali fulani, akafika, akalala njaa, akadaiwa hongo. Aliyeandika safari alijua vema kusema yaliyotokea. Alipoandika desturi aliombwa kitu kingine, naye akakitoa kwa sarufi iliyokifaa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ambao haumo katika kitabu chochote. "Mtu akifiwa hukaa matanga siku tatu." "Fulani alifiwa na mkewe, akakaa matanga siku moja, kwa kuwa mchele ulikwisha." "Katika misiba kumi niliyohudhuria, minne ilikaa siku tatu." Kauli ya kwanza ni kanuni, ya pili ni tukio, ya tatu ni hesabu. Zote tatu zaweza kuwa kweli kwa pamoja katika mtaa mmoja. Hapana hata moja iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake, ila kila moja hujibu swali lake, na atakayeitumia ya kwanza kujibu swali la tatu atakuwa amebuni hesabu.

Nalikumbuka kosa langu. Miaka mingi iliyopita nalikwenda katika mji mmoja wa Mrima na daftari la maswali, nikiuliza juu ya misiba. Kwa siku nyingi majibu yalikwenda sawasawa, kila mtu siku tatu, kila mtu ubani na ubao na sanda za idadi moja, nami nikafurahi kwamba data yangu inakubaliana. Siku ya mwisho nikamwuliza bibi mmoja mzee sana. Baada ya shikamoo na marahaba na khabari za nyumbani, akalisikiliza swali langu mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, waniuliza desturi, au waniuliza tulivyomzika mume wangu?" Nalipoomba la pili, alizungumza mpaka alasiri. Mumewe alizikwa kwa sanda ya kukopa. Shemeji zake hawakuja kwa sababu ya ugomvi wa minazi. Matanga yalivunjwa siku ya pili. Nilipotazama daftari langu usiku ule, niliona kwamba kila swali nililoliandika lilikuwa na hu- ndani yake. Ulinganifu wa majibu ulitoka kwangu.

Hasara ya kusoma vibaya ni kubwa zaidi katika sura za utumwa. Desturi yaeleza namna za watumwa na adabu zinazompasa mtumwa mbele ya waungwana. Nimesoma zaidi ya mara moja makala zilizozichukua kurasa hizo na kuhitimisha kwamba watumwa wa Mrima walikuwa wanyenyekevu, wakaridhika na mahali pao katika nyumba za mabwana zao. Lakini nani asema? Kanuni ya adabu ya mtumwa hutajwa na asiye mtumwa. Tena kitabu hakikuandikwa juu ya mambo yaliyokwisha. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904, iliyotoka kitabu kikiwa tayari mikononi mwa watu, ilisema watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mwaka 1903, basi, kusema mtumwa hufanya hivi na hivi kulikuwa kama kuweka jiwe la mpaka katika shamba linalogombewa. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya miji ya Mrima mwishoni mwa karne ya 19, ameonyesha jinsi karamu na ngoma zilivyokuwa mahali pa kushindania cheo, wanyonge na watumwa wakijiingiza palipokatazwa na waungwana wakijaribu kuwazuia. Mtu akisoma kitabu hicho kisha akairudia Desturi, sura za adabu humwonekea upya: kanuni yatamkwa kwa nguvu pale inapokaidiwa.

Hapo pana njia ya kusoma ambayo naipendekeza kwa wanaotaka matendo kutoka katika maandishi ya kanuni. Usitazame kanuni, tazama masharti yake. Mwandishi anaposema kwamba asiyetoa ada fulani atafanyiwa hivi, ameona yawezekana mtu asitoe. Anaposema kwamba wengine hufanya hivi na wengine vile, hu- yake imepasuka kidogo na watu wakaonekana. Anapotenga tajiri na maskini, mwungwana na mtumwa, mwenyeji na mgeni, ametupa mipaka ya kauli yake mwenyewe. Haya si hesabu, wala hayathibitishi kwamba wavunjaji walikuwa wengi au wachache. Lakini yanatuambia mahali pa kwenda kuuliza.

Kuna tena sura ya unyago. Mambo ya unyago ni ya wanawake, na mwanamume hahudhurii. Hivyo lililoandikwa pale na mwanamume, hata likiwa sahihi, ni la kusikia. Sisemi litupwe. Nasema lisiwekwe katika kapu moja na maelezo ya chuo cha Kurani, ambacho Mtoro alikaa ndani yake kama mwanafunzi na kukijua hadi fimbo. Kwa bahati njema, juu ya mambo ya wanawake twayo sasa maandishi ya namna nyingine. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji wanawake watatu wa Mombasa katika miaka ya 1970, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, na masimulizi yao yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Mmoja alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, mwingine katika ukoo wa watumwa. Hapa -li- yatawala: niliolewa, nikaachwa, tulicheza, walitukataza. Ngoma zile zile ambazo katika kitabu cha desturi hazina mwaka wala mchezaji, hapa zina wachezaji wenye majina, washindani, gharama na machozi. Lakini masimulizi ya maisha nayo yana udhaifu wake. Watatu ni watatu. Wanakumbuka baada ya miaka hamsini. Nao wanazungumza na mtu aliyewaendea na chombo cha kunasia sauti. Mwenye kutaka kujua ni wanawake wangapi wa Mombasa walipita unyagoni mwaka 1920 hatapata jibu kwao pia.

Najua watakaosema, dawa ni takwimu. Mimi sina chuki na takwimu, ila ziulizwe maswali yale yale. Émile Durkheim aliandika juu ya kujiua mwaka 1897 kwa kutegemea hesabu za serikali, na wakosoaji wake, akiwamo Jack Douglas mwaka 1967, wameonyesha kwamba kabla ya kifo kuingia katika hesabu ile ilimpasa ofisa fulani aamue kwamba huyu kajiua. Kwetu mfano ulio karibu ni Zanzibar. Kati ya hesabu ya watu ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno. Hapakuwa na tauni wala uhamisho. Watu wale wale waliulizwa kabila, wakajitaja kwa majina mengine, Washirazi na mengineyo, maana jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa katika masikio ya watu, na jina lingine likampandisha mtu daraja. Mtafiti achukuaye tarakimu zile kuwa ni kupungua kwa Waswahili afanya kosa lile lile la hu- na -li-, ila kwa namba: amechukua jibu la barazani akalifanya idadi ya waliomo uani.

Ndiyo maana namtaja W. E. B. Du Bois, ambaye kitabu chake juu ya watu weusi wa Philadelphia kilitoka mwaka 1899, miaka minne kabla ya Desturi. (Alikuwa amesoma Berlin kati ya 1892 na 1894, kama Mtoro angalifika mapema, wangaliweza kupishana njiani.) Du Bois alihamia katika kata aliyoichunguza, akaenda nyumba kwa nyumba na karatasi zake za maswali kwa muda wa mwaka 1896 na 1897, akahesabu kazi, vyumba, kodi na watoto, kisha akaziweka hesabu hizo kando ya historia, ramani na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Baadaye alikiri kwamba wenyeji hawakumpokea kwa furaha, maana hapana apendaye kuchunguzwa kama mdudu wa ajabu. Kinachonipendeza kwake ni kwamba data moja hakuiachia kazi ya nyingine: idadi hueleza idadi, na anapotaka kueleza kwa nini, hutafuta kitu kingine.

Tasnifu zetu za siku hizi zina sura moja ya mbinu za utafiti, nayo huandikwa kama mtu ajazaye fomu ya forodha. Data ya msingi ni ile aliyoikusanya mtafiti mwenyewe. Data ya upili ni ile iliyokusanywa na wengine. Kisha Desturi za Wasuaheli hutiwa katika upili pamoja na makala za mwaka jana, na mlango ukafungwa. Mgawanyo huu waeleza nani alibeba kapu, wala hauelezi kilichomo. Maelezo ya Mtoro juu ya chuo ni ya msingi kuliko daftari langu la misiba, ingawa daftari nililibeba mimi mwenyewe juani. Ningependa msimamizi amwulize mwanafunzi maswali mengine: kauli hii ni kanuni, tukio au hesabu? Aliyeisema alikuwapo? Aliulizwa na nani, kwa lugha gani, kwa kitenzi gani? Na akiinukuu Desturi, aiache hu- ilivyo na kumtaja msemaji: Mtoro aeleza kwamba mtu akifiwa hufanya hivi. Sentensi itakuwa ndefu kidogo.

Ludger Wimmelbücker, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya maisha ya Mtoro huko Ujerumani, amefanya kazi ambayo ndiyo mfano wa hayo. Amemtafuta mwandishi katika barua na majalada ya serikali, yaani katika -li-. Twaona humo kwamba mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Kwamba mwaka 1905 aliacha kazi ya chuo akasafiri na mkewe kurudi kwao. Kwamba serikali ya koloni ilimzuia kuishi na mkewe pwani, wakarudi Ulaya. Na kwamba aliishi huko mpaka alipofariki mwaka 1927. Aliyeandika jinsi mtu wa Bagamoyo huoa, alioa kwa namna ambayo haimo katika sura yake hata moja. Tasnifu zilizokitumia kitabu chake kueleza ndoa za Waswahili wa zama zile ninazo kadhaa mezani. Hii yake sijaiona kuhesabiwa.